Barua ya wazi kwa wanaotuchagulia filamu: tuonyesheni na Mchina aliyehama

Kwa wakurugenzi wa vipindi wa vituo vya televisheni vya Kiswahili, waandaaji wa matamasha ya filamu ya Zanzibar, Dar es Salaam na Nairobi, na wakuu wa bodi za filamu za Tanzania na Kenya.

Waheshimiwa, salaam.

Mtu aliyekulia kwenye mabanda ya video haulizwi kama amemwona Bruce Lee akipigana na Chuck Norris ndani ya magofu ya Koloseo, ule uwanja wa kale wa Roma. Filamu ile ya 1972, The Way of the Dragon, ambayo Bruce Lee aliiandika na kuiongoza mwenyewe, tumeiona kwa sauti ya kila mtafsiri wa mtaani, na mpaka leo kuna watu wazima wanaomkumbuka hata yule paka mdogo aliyekuwa pembeni. Inavyoanza ndiko tunakosahau. Kijana kutoka mashamba ya Hong Kong ametua Roma, lugha haijui, njaa inamsokota. Anaingia mgahawa wa uwanja wa ndege, anapewa menyu asiyoweza kuisoma, anaona haya kuuliza, anagusa kwa kidole hapa na hapa. Zinakuja bakuli za supu, zote supu. Anajikaza nazo, maana kuzirudisha ni aibu, halafu anaanza kuhangaika kutafuta choo. Amekuja kwa sababu ndugu na jamaa wana mkahawa mjini na wahuni wanataka kuwanyang'anya.

Hiyo ni filamu ya wahamiaji. Ile supu sisi tuliipeleka mbele ili tuwahi ngumi.

Na Bruce Lee mwenyewe ni mtoto wa safari. Alizaliwa San Francisco mwaka 1940, baba yake akiwa mwigizaji wa opera ya Kikantoni aliyekuwa huko kwa maonyesho. Mara ya kwanza kuonekana kwenye filamu alikuwa kichanga cha kupakatwa, na aliyeiongoza filamu hiyo, mwaka 1941, ni Esther Eng, mwanamke wa Kichina mzaliwa wa huko huko San Francisco. Kwa hiyo habari ninayotaka kuwaeleza si ngeni kwetu kama inavyosikika.

Kazi yangu ni kutafsiri maandiko ya tamthilia za nje kabla hazijatiwa sauti za Kiswahili. Mwaka 2011 TBC iliporusha tamthilia ya Mao Doudou na mama wakwe zake, nyumba nyingi zilitulia saa ile. Hata Rais Xi Jinping aliitaja alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013. Tangu hapo bomba halijafungwa. Tumeletewa za mapenzi ya mjini, za madaktari, za makasri ya wafalme wenye wake kumi na fitina ishirini. Sizidharau, zimenisomeshea watoto. Ila katika zote hizo Mchina yuko kwao. Amepanga nyumba Beijing au Shanghai, anagombana na mawifi, anapandishwa cheo, basi. Mchina ninayemwona mimi kwa macho yangu, Kariakoo, kwenye kambi za barabara, kwenye zahanati za dawa za asili, ni mtu aliyeacha kwao. Huyo hamjawahi kutuonyesha, na filamu zake zipo, nzuri kabisa, zimetengenezwa na watoto wa wahamiaji wenyewe na wengine waliohama wakiwa na akili zao timamu.

Ombi langu ni hilo tu: zinunueni, ziwekeeni saa ya maana, na zitafsirini vizuri. Lakini niruhusuni nieleze ni zipi na kwa nini, maana najua barua ya namna hii hujibiwa kwa sentensi moja, kwamba watazamaji wetu hawapendi filamu za polepole.

Chukueni The Farewell ya mwaka 2019. Aliyeiandika na kuiongoza ni Lulu Wang, aliyezaliwa Beijing na kuhamia Marekani akiwa mtoto wa miaka 6. Ni kisa cha nyumbani kwake. Bibi anayeishi Changchun anakutwa na saratani ya mapafu, na ukoo unakubaliana asiambiwe. Ili wote wapate sababu ya kwenda kumwona mara ya mwisho, wanabuni harusi: mjukuu wa kiume aliyekulia Japani anaozwa haraka haraka mchumba wake Mjapani. Bibi ndiye anayesimamia karamu, anagombana na watu wa hoteli juu ya chakula, huku wote wanaomzunguka wanajua. Karatasi ya majibu ya hospitali inapokaribia kumfikia, wanakimbilia duka la fotokopi ikabadilishwe maandishi.

Sasa niambieni, ni nyumba gani ya Kiswahili isiyokijua kikao hicho? Daktari anavutwa pembeni, bahasha inatumbukizwa kwenye pochi ya shangazi, mgonjwa anaambiwa ni vidonda vya tumbo tu, mama, kunywa uji. Na kila mara anakuwepo mmoja aliyetoka Ulaya au Marekani juzi, anayesema kwa sauti ya juu kwamba mgonjwa ana haki ya kujua. Katika filamu huyo ni Billi, binti wa New York, na ndugu wa baba yake anamweleza kwamba huko alikokulia uhai wa mtu huhesabiwa kuwa wake peke yake, ila kwao uhai ni wa jamaa nzima, na kumbebea mgonjwa ule mzigo ni wajibu. Filamu haiamui nani yuko sawa. Awkwafina, aliyemcheza Billi, alipata tuzo ya Golden Globe Januari 2020. Na waandaaji wa tuzo hizo hizo waliiweka filamu yenyewe kwenye kundi la lugha za kigeni, kwa kuwa watu wake wanaongea Kichina zaidi kuliko Kiingereza, ingawa ni filamu ya Kimarekani iliyotengenezwa na Mmarekani.

Mtaniambia hiyo ni ya gharama. Basi rudini nyuma, kwenye filamu iliyotengenezwa kwa dola 22,000 hivi. Chan Is Missing ya mwaka 1982, nyeusi na nyeupe, ya Wayne Wang, mzaliwa wa Hong Kong ambaye baba yake alimpa jina la Wayne kwa kumhusudu John Wayne wa filamu za cowboy (wazee wetu nao walituitia watoto Kennedy, tusicheke sana). Madereva wawili wa teksi wa San Francisco, Jo na mpwa wake Steve, wamempa mtu dola 4,000 awafanyie mpango wa leseni. Mtu mwenyewe, Chan Hung, hayupo. Wanamsaka mtaa mzima wa Wachina. Kila wanayemuuliza anawapa Chan mwingine: huyu anasema ni mjanja, huyu mshamba, huyu mzalendo wa Beijing, huyu hana habari na siasa. Kuna ugomvi wa bendera katikati, baina ya wanaoishabikia China Bara na wa Taiwan. Kuna mpishi aliyesimama mbele ya karai linalolipuka moto, amevaa fulana yenye mzaha wa samurai na disko, anakaanga na kuimba nyimbo za Kimarekani kwa maneno yake. Mwishoni fedha zinarudi. Chan harudi.

Nimewaonyesha filamu hiyo jamaa zangu, nikiwatafsiria kwa mdomo kama DJ wa bandani. Hakuna aliyelala. Walichogombania baadaye ni kama Jo alikosea kutokwenda polisi, na hapo binamu yangu aliyewahi kuishi Muscat bila makaratasi akawauliza polisi gani. Mtu aliyewahi kushuhudia uchaguzi wa chama cha Watanzania au Wakenya walioko nje, jinsi siasa za nyumbani zinavyosafirishwa kwenye sanduku pamoja na dagaa, ataielewa ile bendera bila kuelezwa.

Ya tatu ni Pushing Hands ya mwaka 1991, filamu ya kwanza ndefu ya Ang Lee, Mtaiwani ambaye baadaye alipata Oscar za uongozaji mara mbili kwa filamu zisizohusu uhamiaji wa Wachina. Mzee wa Kichina, mwalimu wa taichi, amechukuliwa na mwanawe kwenda kukaa naye kitongojini New York. Mke wa mwanawe ni Mzungu, mwandishi wa vitabu. Mume ameenda kazini. Dakika kadhaa za mwanzo hakuna neno: mzee anafanya mazoezi chumba hiki, mkamwana anagonga kompyuta chumba kile, wote wamo humo humo ndani kutwa nzima na hawana lugha ya kuombana hata chumvi. Baadaye mzee anaondoka, anaishia kuosha vyombo kwenye mkahawa wa Wachina wenzake, na anayemdhalilisha huko ni Mchina mwenzake. Nadhani mama wengi wa Mbagala na Kisauni walioitwa Ulaya kulea wajukuu wangeitazama hiyo wakiwa wamesimama.

Zipo nyingine nitazipitia mbio mbio. Clara Law aliionyesha familia ya Hong Kong iliyohamia Australia kabla ya 1997, mwaka Hong Kong iliporudishwa China, ikiogopa jua, buibui na ukimya wa mitaa, katika Floating Life ya 1996. Australia iliipeleka hiyo kugombea Oscar ya lugha za kigeni, jambo ambalo haikuwahi kulifanya kabla. Mina Shum wa Vancouver alimpa Sandra Oh nafasi yake kubwa ya kwanza ya sinema katika Double Happiness, 1994. Mabel Cheung alimweka Chow Yun-fat, yule yule wa bastola mbili, awe baharia wa zamani anayebangaiza New York, katika An Autumn's Tale, 1987. Na kama mnaogopa tafsiri kabisa, anzeni na Bao ya Domee Shi, binti aliyezaliwa Chongqing akakulia Toronto: ni katuni ya dakika 8 ya mama mpweke na andazi lake lililopata uhai, haina mazungumzo, na ilipata Oscar.

Everything Everywhere All at Once, ile iliyopata Oscar saba mwaka 2023, ya mwanamke mwenye dobi na matatizo ya kodi, mnaijua. Najua pia ina binti mwenye mpenzi wa kike, na kwamba bodi zitasimama hapo. Bodi ijadili, ndiyo kazi yake. Nisichokubali ni filamu moja yenye ubishi kufanywa sababu ya kuifunga kabati nzima.

Sasa suala la sauti, na hapa naomba mnisikilize kama fundi. Mkizinunua filamu hizi msizitie sauti kama tunavyotia tamthilia. Katika hiyo ya mwenye dobi, Evelyn anaongea Kimandarini na mumewe, Kikantoni na baba yake, Kiingereza na binti yake, na mara nyingine zote tatu kabla hajamaliza pumzi. Billi wa The Farewell anajikwaa kwa Kichina mbele ya bibi yake, na kujikwaa kule ndiko kunakoeleza miaka yote aliyokuwa mbali. Ukizimwaga lugha zote kwenye chungu kimoja cha Kiswahili sanifu, kilichosomwa na waigizaji wale wale wanne wa studio, unakuwa umemkata Billi ulimi. Filamu hizi zinataka maandishi chini ya picha, na maandishi yenyewe yawe na alama inayomwambia mtazamaji kwamba sasa lugha imebadilika: rangi nyingine, au mlalo wa herufi. Ni kazi ya siku chache kwa mtafsiri anayejua. Niliwahi kupendekeza hivyo studio moja, nikaambiwa mtazamaji wa Kiswahili hasomi. Huyo huyo asiyesoma yuko WhatsApp usiku kucha.

Zikibaki zile za watoto, tieni sauti, na mchukue watoto wa kweli. Tumechoka kusikia mtu wa miaka 35 akibana pua.

Kuna jambo la nani anayemwigiza nani. Mwaka 1937 Hollywood ilipotengeneza filamu kubwa ya wakulima wa Kichina, The Good Earth, Anna May Wong, Mchina wa Los Angeles na nyota wa wakati ule, alinyimwa nafasi ya mke wa mkulima. Akapewa Luise Rainer, Mzungu, akapakwa rangi, akapata Oscar. Kanuni za studio zilikataza mapenzi ya rangi mbili kwenye filamu, na mume wa hadithi alikuwa ameshapewa Mzungu mwingine aliyepakwa rangi. Wakati huo sheria ya 1882 ya kuwafungia mlango vibarua wa Kichina ilikuwa bado inafanya kazi. Ilifutwa 1943, na hata hapo wakaruhusiwa watu 105 kwa mwaka. Huko nyuma zaidi, mwaka 1916, Marion Wong wa Oakland alitengeneza filamu yake na jamaa zake, hakupata mnunuzi, mikanda ikakaa nyumbani kwa miaka mingi. Leo vipande vilivyobaki vinatunzwa kama hazina ya taifa la Marekani.

Tunaweza kuwacheka Wamarekani. Lakini tazameni vichekesho vyetu vya Kiswahili. Mchina anaingia, macho yamevutwa kwa vidole, Kiswahili ni cha "mimi taka wewe lipa", ana kikokotoo mkononi na jina lake ni la chakula. Hakuna Mchina hata mmoja aliyehusika, isipokuwa kwa bahati. Nanyi mnaidhinisha, mnarusha, saa mbili usiku.

Nasema haya wakati si mwepesi. Nairobi, Februari 2023, wafanyabiashara waliandamana kwa sababu ya bei za duka moja kubwa la Mchina. Julai 2025 serikali ya Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia biashara za aina 15, zikiwemo rejareja, ufundi simu na kutuma fedha kwa simu. Siandiki kuipinga amri. Binamu yangu mwingine anauza vyombo Kariakoo, ameishangilia, na hoja zake ni nzito. Kodi ya fremu haimsubiri. Ninachosema ni kwamba tunajadili watu tusiowahi kuwaona wakiwa wamevua viatu. Tunawajua kaunta tu.

Nimesimama dukani mtaa wa Aggrey, mama wa Kichina anauza mikanda na pochi za jumla. Mteja wa Tunduma anataka apunguziwe. Anayejibu ni mtoto wa kike wa miaka kama 10, amekaa juu ya katoni na daftari la shule mapajani: "Mama anasema ukichukua dazeni tatu ndo anashuka." Mama alikuwa amesema maneno mengi zaidi ya hayo, na kwa sauti kali zaidi. Mtoto alichuja, akatoa yanayouzika, akarudi kwenye hesabu zake. Yule mama wa dobi alitakiwa aje na bintiye ofisi ya kodi kwa kazi hiyo hiyo, hakuja naye, na mambo yakaharibika. Filamu nzima imekaa pale Aggrey inasubiri mtu mwenye kamera. Na mwandishi wake hasa, miaka 15 kutoka sasa, pengine ni mtoto yule, kama kuna mtu wa kumwambia kwamba hadithi yake ina soko hapa.

Hapo nawageukia ninyi wa bodi. Nyenzo tunazo. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na Wachina waliofariki wakiwa huku wamezikwa pembezoni mwa jiji, upande wa Gongo la Mboto, makaburi zaidi ya 60 yaliyopangwa safu kwa safu. Kila mwaka wakubwa hupeleka mashada. Sijaona filamu ya Kiswahili inayomuuliza mzee wa Mlimba au Makambako alikuwa akila nini na wale mafundi, walicheka kwa lugha gani, nani alibaki na nani alirudi. Wazee hao wanapungua.

Filamu ya namna hiyo haitengenezwi kwa mkopo. Mfuko wetu wa Utamaduni na Sanaa unakopesha, na kwa muziki na filamu za mauzo ni sawa. Ila hata yule Wayne Wang na madereva wake wa teksi alianza kwa ruzuku. Hakuna benki ingemkopesha kwa hadithi ya mtu asiyepatikana. Tengeni ruzuku ndogo, hata ya filamu mbili fupi kwa mwaka, na sharti lake liwe moja: anayeonyeshwa awe na sauti kwenye uandishi. Mkiogopa kwamba ubalozi utataka filamu iwe ya urafiki na mashada tupu, basi msiombe fedha ubalozini.

Kwa televisheni, naomba saa moja: Jumapili usiku baada ya taarifa ya habari, kwa miezi mitatu, filamu moja kila wiki mbili. Inatosha kupima. Anzeni na ya bibi wa Changchun, maana hiyo haihitaji kutangazwa sana. Atakayeiona atampigia dada yake. Ya Pushing Hands iwe ya pili. Ya Chan wekeni mwishoni, watu wakishazoea kusoma chini. Kwa matamasha, mnao uzoefu wa kuwaandikia wenye haki na kuomba onyesho moja kwa bei ya onyesho moja, na Ngome Kongwe pale Zanzibar, chini ya nyota, kwenye kuta zilizoona wageni wa kila bahari, filamu hizi zingekaa mahali pake.

Tafsiri ya The Farewell nimeshaianza kwa mkono wangu, bila kulipwa. Nimefika kwenye ile karamu ya harusi. Mwenye kuitaka aseme kabla ya ratiba ya robo ijayo kupangwa, na asiniletee mtu wa kuniambia mtazamaji hasomi.

Wenu katika kazi,

Mtafsiri wa tamthilia,
Tabata, Dar es Salaam